Kumezwa si Kumeng'enywa: Bakteria ya Kifua Kikuu

Mwaka 1883 Ilya Metchnikoff alieleza seli zinazoulinda mwili, nazo zikapewa jina litokanalo na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kula. Kiswahili hutenganisha zaidi: kumeza si kumeng'enya. Katika tofauti hiyo ndimo inamojificha bakteria ya kifua kikuu, ambayo Robert Koch aliitangaza mwaka 1882.

Seli mlinzi ya pafu huimeza na kuifungia ndani ya kifuko. Kwa kawaida kifuko hicho huungana na vingine vyenye asidi na vimeng'enya, na kilichomezwa husagwa. Bakteria hii huzuia muungano huo, ikazaliana polepole ndani ya askari aliyetumwa kuiua. Nyingine hulala humo miaka mingi.

Ndiyo maana tiba ya kawaida huchukua miezi 6, ingawa kikohozi hutulia mapema. Huko Fizi na Baraka, ambako tangu 1996 vita vimewahamisha watu mara kwa mara, mgonjwa akimbiaye milimani, au avukaye ziwa kwenda Kigoma, akiacha vidonge mwezi wa pili huondoka na bakteria hai, pengine iliyokwisha kuzoea dawa. Muuguzi amwambiaye kwamba mwili "umekula" vijidudu humpotosha, vimemezwa tu.