Simulia, Eleza, Jadili: Maagizo ya Maswali katika Historia, Masimulizi na Ushairi

Mwanafunzi apewapo kazi ya kuandika, jambo la kwanza limpasalo ni kukitazama kitenzi kilichobeba agizo. Swali lisemapo "eleza", hali mtungaji alikusudia "jadili", mwanafunzi mwenye maarifa ya kutosha hupoteza alama kwa kosa lisilo lake. Aghalabu kosa hilo huzaliwa katika kutafsiri, ambapo vitenzi kadhaa vya Kiingereza vyenye kazi mbalimbali hukusanywa vyote chini ya "eleza". Yafaa basi kila agizo lipewe mpaka wake:

Simulia: panga matukio kwa mfuatano wa wakati.
Eleza: onyesha jambo lilivyo, au sababu zake.
Fafanua: weka wazi maana iliyofumbika, kwa mifano.
Jadili: pima hoja za pande mbalimbali, kisha toa uamuzi.
Changanua: tenga sehemu za kitu na uonyeshe uhusiano wake.

Tuchukue mada moja, mji wa Kilwa Kisiwani, tuone maagizo hayo yafanyavyo kazi.

(a) Masimulizi
"Simulia safari ya Ibn Battuta ya mwaka 1331." Hapa jibu huongozwa na viambishi -li- na -ka-: alipita Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa. Kiambishi -ka- ndicho uti wa mgongo wa masimulizi, kwa kuwa hufunga tendo kwa tendo lililotangulia. Mwanafunzi akirudiarudia -li- katika kila sentensi, atakuwa ameorodhesha matukio tu, hakusimulia.

(b) Historia ya kale
"Eleza sababu za ustawi wa Kilwa." Jibu la swali hili haliwezi kusimama juu ya -ka-, bali juu ya "kwa sababu", "kwa hiyo" na "ndiyo maana". Kilwa ilisitawi kwa kuwa ilishika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, na kwa kuwa pepo za kaskazi na kusi zilileta na kurudisha vyombo. Lakini tukiuliza, "Jadili habari za Ibn Battuta kuwa ushahidi wa historia", hapana budi mwanafunzi apime: msafiri huyo aliuona mji kwa macho yake, hata hivyo habari zake ziliandikwa na mtu mwingine, Ibn Juzayy, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Hesabu ya wakati nayo yataka uangalifu. Mwaka 1331 umo katika karne ya 14, wala si ya 13. Tena, kutoka mwaka 100 K.K. hadi mwaka 100 B.K. ni miaka 199, kwa sababu hakuna mwaka sifuri baina yake.

(c) Ushairi
"Fafanua ubeti" ni kutoa maana yake kwa lugha ya nathari. "Changanua ubeti" ni kuonyesha mishororo, vina na mizani, kisha kueleza jinsi umbo hilo linavyosaidia maana. Shairi la tarbia lina mishororo 4 katika kila ubeti. Kwa desturi mshororo una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Mizani ni silabi zitamkwazo: "mtoto" lina mizani 3, "nchi" lina 2, na "ndugu" lina 2. Ahesabuye herufi badala ya sauti atakosea. Naye akomaye kwenye hesabu amefanya nusu ya kazi tu.

Mwalimu atungapo swali, na aandike kwanza jibu alitarajialo kwa sentensi mbili, kisha achague kitenzi kiliitacho jibu hilo. Mfasiri wa mitihani naye asitosheke na kamusi. Atazame ni kazi gani mtahiniwa anatakiwa kuifanya. Agizo likiwa bayana, alama zitapima maarifa ya mwanafunzi, wala si bahati yake ya kubuni nia ya mtungaji.