Samaki wa Birikani na Homa ya Kidingapopo

Wengi wetu twadhani vita dhidi ya mbu vilianza na dawa ya kupuliza. Hapa pwani sivyo. Wazee wetu walikuwa na samaki.

Misikiti ya zamani ya mwambao ilikuwa na birika za maji ya kutawadhia, na maji yakisimama siku nyingi huzaa mbu. Basi walitiwa samaki wadogo, wakala viluwiluwi kabla havijaota mbawa. Kule Lamu walifugwa hata katika birika za majumbani. Nyanya yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, asema utotoni ole wako uonekane ukiwavua!

Mbu ninayemtaja si yule wa malaria. Huyu ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hupenda maji ya mtungini. Ndiye aletaye kidingapopo na chikungunya. Mwaka 1870 homa ya viungo ilienea Unguja, na daktari James Christie aliyekuwa huko akaandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo. Wataalamu wengi wa leo waona ile ilikuwa chikungunya hasa, jina ambalo ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, lililojulikana baada ya homa ya 1952 kusini mwa Tanganyika.

Mifereji ilipoenea, birika nyingi ziliachwa. Lakini mfereji ukikauka watu hujaza mapipa, na pipani hamna samaki. Mwaka 2004, wakati wa ukame, chikungunya ilianza Lamu. Ilikadiriwa kwamba watu watatu katika kila wanne waliipata, na kabla ya mwaka kwisha ikaingia Mombasa. Kidingapopo kikatupiga 2013, kisha chikungunya ikarudi mwishoni mwa 2017. Mamangu aliipata 2018. Hakuweza hata kushika kata ya maji, na mpaka sasa magoti humsumbua asubuhi.

Kwetu tuna mapipa manne. Kufunika peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hunata ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu miezi kadhaa. Maji yakiyafikia, huanguliwa, na kwa siku 7 hadi 10 hivi mbu ameruka. Kwa hivyo pipa lasuguliwa kwa brashi kila wiki. Samaki nilitaka kujaribu, lakini nyanya alinicheka: pipa hutekwa likaisha, ataogelea wapi?