Kasi ya Kumbukumbu Iliyoandikwa na Ile Unayoipata

Mnunuzi wa kompyuta ya mezani huweza kulipia kumbukumbu ya DDR4 iliyoandikwa 3200, kisha akaiona kompyuta ikionyesha 2133. Asiharakishe kumshutumu muuzaji. Kumbukumbu nyingi za aina hiyo huwaka kwanza kwa kasi ya kawaida. Kasi ya kwenye lebo hupatikana baada ya kuingia katika mipangilio ya BIOS na kuwasha XMP, ambayo kwa kawaida hupandisha pia umeme wake kutoka volti 1.2 hadi 1.35.

Wapo wanaopenda kuingiza tarakimu wenyewe, mathalani 16-18-18-38. Hizo huhesabu mizunguko ambayo kumbukumbu husubiri, kwa hiyo tarakimu ndogo pekee si ushahidi wa wepesi: 15 katika kasi ya 2133 ni takriban nanosekunde 14, ilhali 16 katika 3200 ni nanosekunde 10. Badilisha moja baada ya nyingine, ukiandika ya awali karatasini, kisha ipime kumbukumbu usiku kucha kwa programu kama MemTest86. Kompyuta inayozimika ghafla ni nafuu. Kosa dogo linaloharibu mafaili kimyakimya ndilo la kuogopwa. Ikikataa kuwaka, chomoa umeme na urejeshe mipangilio ya awali kama kijitabu cha ubao mama kinavyoelekeza.

Soma kwanza masharti ya waranti. Baadhi ya watengenezaji wa prosesa huihesabu XMP kuwa ni kuzidisha kasi, jambo la kushangaza kwa kasi inayotangazwa kwenye boksi. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aiwashe mbele yako na aiandike kasi hiyo katika stakabadhi.