Matone Mawili kwa Mtoto wa Mfugaji

Mwezi wa Mei, 2013, habari ya kuhuzunisha ilitoka katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Garissa. Mtoto wa kike wa miezi minne alikuwa amepooza kwa ugonjwa wa polio. Kabla ya mwaka ule kwisha, waliopatwa katika Kenya walifika 14. Hata mwaka 2006 ugonjwa huu ulionekana papo hapo Dadaab, baada ya miaka 22 bila mgonjwa nchini.

Polio haina dawa ya kuponya; ina chanjo ya kuzuia tu. Mtoto hutiwa matone mawili kinywani azaliwapo, kisha katika juma la 6, la 10 na la 14. Hapo ndipo penye shida yetu. Mama aliyejifungulia kambini kwa ngamia, mbali na mkunga wa serikali, hukosa tone la kwanza. Na mvua ikinyesha kwingine, jamaa huhama, lakini zahanati haihami.

Kwa sababu hiyo wauguzi huwafuata watu na masanduku ya barafu, maana chanjo ikipata joto huharibika. Mtoto akisha kupewa, kidole chake hutiwa wino. (Sisi makarani twaujua wino, lakini wino ule wapita wote wa ofisini.) Mama naye aitunze kadi ya kliniki hata safarini: muuguzi wa Wajir au Mandera akiisoma, ataona mara moja ni chanjo gani iliyobaki.