Damu Kwenye Choo cha Mtoto Anayenyonya

Leo tunazungumzia jambo ambalo humtia mama yeyote hofu. Unafungua nepi ya mtoto wako wa miezi miwili na kuona nyuzi za damu zimechanganyika na kamasi. Lakini mtoto mwenyewe anacheka, ananyonya vizuri na uzito wake unapanda. Shida ni nini?

Jirani atakuambia ni mchango. Mwingine atasema ni meno. Wa tatu atakuambia maziwa yako ni mabaya, umwachishe mtoto. Mama, usimwachishe. Nisikilize kwanza.

Nenda kliniki kwanza

Damu kwenye choo cha mtoto haitibiwi kwa kukisia. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukibeba nepi yenye choo hicho na kijitabu chake cha kliniki. Damu inaweza kutoka kwenye mpasuko mdogo wa njia ya haja kubwa. Inaweza pia kuwa kuhara damu kunakoletwa na viini, na huko kunahitaji dawa.

Usingoje hata saa moja ukiona dalili hizi: mtoto anatapika kila mara au anatapika majimaji ya kijani, tumbo limevimba, analia kwa vipindi huku akikunja miguu, choo kinafanana na jeli nyekundu, ana homa, amelegea, au anakataa kunyonya. Utumbo wake unaweza kuwa umejikunja na kuingia ndani yake wenyewe. Hiyo ni hatari ya kufa na inahitaji hospitali kubwa.

Mzio wa utumbo mpana ni nini?

Mtoto akipimwa na kuonekana hana viini, hana mpasuko, na anakua vizuri, mhudumu anaweza kufikiria mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji.

Mama anapokunywa maziwa ya ng'ombe, chembe ndogo sana za protini yake hupita kwenye damu na kufika katika maziwa ya titi. Watoto wengi hawana shida nazo. Kwa wachache, mwili huziona chembe hizo kama adui. Chembechembe nyeupe za damu, hasa aina iitwayo eosinofili, hukusanyika kwenye ukuta wa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ukuta huo huvimba, na choo kinapopita hutoa damu kidogo na kamasi. Mara nyingi hali hii huanza katika miezi sita ya kwanza.

Kwa hivyo ubaya hauko kwenye maziwa yako, mama. Uko kwenye protini iliyopitia humo. Wala si tatizo la usafi: kuchemsha maziwa ya ng'ombe huua viini lakini hakumalizi mzio.

Matibabu yake

Ondoa maziwa ya ng'ombe kwenye sahani yako, usiondoe titi kwa mtoto. Kwa ushauri wa mhudumu, acha maziwa, chai ya maziwa, mala, mtindi, siagi, jibini, na mikate au biskuti zenye maziwa. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua. Maziwa ya mbuzi usiyatumie badala yake, kwa kuwa protini zake zinafanana sana na za ng'ombe.

Damu hupungua kwa siku chache, na mara nyingi huisha ndani ya wiki 2. Isipoisha, rudi kliniki. Pengine chanzo ni chakula kingine, kama soya au mayai, au ni ugonjwa mwingine kabisa. Usijikatie vyakula vingi kwa wakati mmoja, utadhoofika bure.

Damu ikiisha, baada ya wiki 2 hadi 4 mhudumu anaweza kukuambia unywe maziwa tena. Damu ikirudi, mzio umethibitika. Isiporudi, endelea kunywa chai yako ya maziwa kwa amani, kwa maana watoto wengine hupona wenyewe.

Mama anayenyonyesha bila kunywa maziwa anahitaji madini ya kalsiamu. Kula omena pamoja na mifupa yake, uji wa wimbi usiotiwa maziwa, sukuma wiki na terere. Ongeza maharagwe au dengu upate nguvu. Muulize mhudumu kama unahitaji vidonge vya kalsiamu.

Kama mtoto ananyweshwa maziwa ya kopo, usibadilishe kopo kwa kubahatisha. Yako maziwa maalumu ambayo protini yake imevunjwavunjwa, lakini ni ghali na hutolewa kwa ushauri wa daktari.

Je, utaisha?

Ndiyo. Watoto wengi huvumilia maziwa ya ng'ombe wanapofikisha mwaka mmoja. Ukianza kumlisha akiwa na miezi sita, usitie maziwa ya ng'ombe kwenye uji wake mpaka mhudumu akuambie wakati umefika.

Kwa watoto wakubwa na watu wazima, uvimbe wa utumbo mpana unaoletwa na eosinofili ni nadra sana. Huleta maumivu ya tumbo, kuhara kwa muda mrefu na kupungua uzito. Kwa kuwa minyoo pia huongeza chembechembe hizo, daktari huhakikisha kwanza kwamba hakuna minyoo. Kisha hutazama utumbo kwa kamera na kuchukua kipande kidogo cha kupimwa.

Kumbuka haya

- Damu kwenye choo: kliniki siku hiyo hiyo.
- Usimpe dawa ya kuzuia kuhara wala dawa za kienyeji.
- Endelea kunyonyesha.
- Badilisha chakula chako kwa ushauri, kisha mpime mtoto uzito kila mwezi.

Na wewe baba, au nyanya wa mtoto, usimlaumu mama. Msaidie kupata chakula kingine mahali pa maziwa, maana akila vizuri yeye, mtoto naye amekula.