Zamu ya Usiku na Watoto Wadogo: Saa Ngumu ni Zile za Asubuhi

Kamati za parokia zinapozungumzia mzazi anayefanya kazi usiku, swali la kwanza huwa ni hili: nani analala na watoto? Ni swali la haki, na mara nyingi lina jibu. Bibi yupo, mama mdogo yupo, au baba amerudi jioni kutoka kibaruani. Watoto wakishakula na mlango kufungwa, hulala. Swali ambalo haliulizwi ni la pili: nani anakaa na watoto asubuhi, wakati mzazi aliyekesha amerudi na anatakiwa kulala?

Tumchukulie muuguzi wa hospitali ya wilaya mwenye mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka mitatu. Ameingia zamu saa mbili usiku. Saa moja na nusu asubuhi anakabidhi wodi, anatoa ripoti, anasubiri daladala, na anafika nyumbani karibu saa tatu. Mdogo wake aliyelala na watoto ameshajitayarisha, anawahi gengeni kwake. Mtoto mchanga anataka kunyonya. Yule wa miaka mitatu ana nguvu zake zote za asubuhi. Mama anakaa kwenye kochi, anampakata mdogo, na baada ya dakika chache amesinzia. Mlango wa uani uko wazi, na nje kuna ndoo ya maji.

Tusiharakishe kuuita uzembe. Mwili wa binadamu una saa yake ndani ya ubongo, nayo hufuata mwanga. Giza likiingia, joto la mwili hushuka na usingizi huja. Uzito wake mkubwa ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Jua likichomoza, saa hiyohiyo huuamuru mwili uamke. Kwa hiyo anayetoka zamu hulala huku mwili wake ukiambiwa uinuke. Usingizi wake huwa mfupi, mwepesi, na hukatishwa na kelele ndogo. Mtu mzima anahitaji saa 7 hivi za usingizi kwa siku. Anayepata 4 tu, siku tatu mfululizo, anakuwa na deni, na deni hilo mwili hulidai wenyewe: mtu husinzia sekunde chache bila kujua, akiwa barabarani, jikoni, au na mtoto mapajani.

Kwenye miji ya joto kama Dar es Salaam na Tanga kuna jambo la ziada. Chumba cha bati kikifika saa saba mchana hakilaliki. Hivyo muda mzuri wa kulala ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, na huo ndio muda ambao mtoto mdogo yuko macho kabisa.

Yanayosaidia nyumbani

Mzazi akifika, alale mapema iwezekanavyo. Kazi za ndani zisubiri jioni. Vyombo havijamuua mtu. Dirisha lizibwe kwa blanketi au kanga nzito, simu izimwe, na majirani waambiwe. Chai ya rangi au kahawa inafaa mwanzoni mwa zamu. Ikinywewa alfajiri, itamkuta bado macho kitandani. Kabla ya kwenda kazini jioni, usingizi wa saa moja au moja na nusu hupunguza sana uchovu wa usiku.

Anayenyonyesha akiwa na usingizi asikae kwenye kochi wala kiti cha mikono. Mtoto anaweza kuteleza pembeni na kukosa hewa bila mama kushtuka. Afadhali awepo mtu mwingine macho, ampokee mtoto akishamaliza kunyonya na kumlaza mahali pake.

Maziwa ya mama pia yanahitaji mpango. Mwili huyatengeneza kadiri yanavyotolewa, na kunyonyesha usiku kuna nafasi kubwa katika kuyadumisha. Mama anayepitisha usiku mzima bila kunyonyesha wala kukamua huona yakipungua baada ya wiki chache, kisha husema maziwa yamekauka. Akamue kazini kila baada ya saa tatu hivi, kwa mikono iliyonawiwa, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye joto la kawaida yatumike ndani ya saa 4. Kwenye jokofu hukaa hadi siku 4. Aliyebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe safi, maana chupa ni ngumu kuisafisha vizuri.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu anasumbuliwa na jambo jingine: mama yupo nyumbani lakini hayupo. Wengi wetu humtoroka mtoto ili asilie. Matokeo yake huanza kumganda mama mchana kutwa, akihofia atatoweka tena. Ni heri aagwe kila jioni kwa maneno yaleyale, na alazwe na mtu yuleyule. Atalia siku za kwanza.

Kuna suluhisho moja ambalo limezoeleka mno: binti wa darasa la tatu au la nne anabaki nyumbani asubuhi amshike mdogo wake hadi mama aamke. Mwalimu anaandika tu kwamba hakuhudhuria. Huyo naye ni mtoto. Hawezi kuzuia jiko la mkaa lisipinduke, na masomo anayokosa hayarudi.

Baba mlinzi

Tumesema mama, lakini walinzi wengi wa usiku ni akina baba, na wengi wao wanaishi na familia kwenye chumba kimoja cha kupanga. Baba anarudi kulala palepale watoto wanapochezea. Mama anawapeleka nje wasimsumbue, mvua ikinyesha anawarudisha, na ugomvi unaanzia hapo. Kamati zinazopatanisha ndoa ziulize kwanza nani ndani ya nyumba hiyo hajalala.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwajiri haruhusiwi kumpangia kazi ya usiku mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua, isipokuwa mama mwenyewe aombe na awe na cheti cha daktari kwamba yeye na mtoto hawatadhurika. Baada ya miezi hiyo, cheti kikionyesha kwamba afya ya mtoto hairuhusu, kinga inaendelea. Anayenyonyesha anastahili muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ya kazi. Kila saa ya usiku hulipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa, hiyo ni shilingi 100, yaani shilingi 1,000 kwa usiku mzima wa saa 10. Haitoshi kumlipa mtu wa kukaa na mtoto, lakini ni haki yake, na wengi hawajawahi kuiona kwenye hati ya malipo kwa sababu hawajui waitafute.

Kamati na wafadhili

Kinachohitajika si bweni la watoto usiku. Ni saa nne au tano za asubuhi. Hatua rahisi ni kaya tatu au nne za jumuiya moja kupeana zamu: asubuhi hii mama huyu yuko macho na watoto wote, kesho mwingine. Haigharimu chochote ila kuaminiana.

Parokia yenye ukumbi unaokaa mtupu katikati ya wiki inaweza kwenda mbali zaidi, lakini ionane kwanza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa kuwa kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kusajiliwa. Wawepo watu wazima wawili wakati wote, uzio, choo salama, maji yaliyofunikwa, uji, na daftari la nani amemleta mtoto na nani anaruhusiwa kumchukua. Hapa tunawaomba wafadhili wetu uvumilivu. Jengo jipya lenye kibao cha jina huonekana vizuri kwenye picha. Posho ya mlezi ya kila mwezi haionekani kabisa. Vituo vya namna hii havifi kwa kukosa kuta. Hufa mwezi ambao mlezi hakulipwa.

Kamati itakayopenda kuanza ipite kila jumuiya, iandike nani anafanya kazi usiku, ana watoto wangapi chini ya miaka mitano, na nani yuko nao saa nne asubuhi. Kikao cha kwanza na wazazi hao kiitwe saa kumi alasiri. Kikiitwa asubuhi kama vikao vyetu vingine, wahusika watakuwa wamelala, au wanajaribu.