Mchunga: Mboga unayoikanyaga kila siku ukienda stejini

Kesho ukitoka kwako kwenda kudandia matatu, hebu weka simu mfukoni kidogo utazame chini. Pale kwenye nyasi kando ya ua, au kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga, kuna mmea wenye majani marefu membamba yaliyotandaa ardhini. Katikati yake kumesimama shina lenye vijiua vya manjano. Ukiwa Mombasa, Kwale au Kilifi, huenda huo ni mchunga. Umeukanyaga mara ngapi?

Kama ulilelewa Pwani, jina hilo tu tayari limekuletea uchungu ulimini. Wagiriama huuita mutsunga na Wakamba muthunga. Wataalamu wa mimea wanaujua kama Launaea cornuta. Uko katika ukoo mmoja na alizeti, pareto na ile letusi unayowekewa ndani ya baga.

Utazame kwa makini. Unachodhani ni ua moja kwa kweli ni maua madogo mengi yaliyosongamana pamoja, kama ilivyo kwa alizeti. Yakikauka, hugeuka manyoya meupe ambayo upepo huyapeperusha pamoja na mbegu. Ukivunja jani, hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Na chini ya ardhi mmea hutambaa kimyakimya: ukiukata kwa jembe, vipande vinavyobaki huchipua upya. Ndiyo maana mkulima mmoja ataulaani kuwa gugu sugu, huku jirani yake akiuchuma kwa chajio na kumpelekea sungura unaobaki.

Mapishi yake si kazi. Chuma majani machanga kabla mmea haujatoa maua, kwa sababu yakikomaa huwa magumu na machungu zaidi. Yaoshe, yachemshe, umwage maji ya kwanza. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga yako, kisha tui la nazi. Wengi huuchanganya na mchicha au mnavu ili kupunguza ukali. Weka sima pembeni. Tonge la kwanza utakunja uso. La tatu utauliza kama imebaki sufuriani.

Sasa shida iko wapi? Mchunga hauna duka la mbegu wala tangazo la redio. Maarifa yake yamekuwa yakipita kwa njia moja tu: mtoto anamfuata nyanya shambani, nyanya anainama, anachuma, anasema, "Hili ndilo. Lile liache." Wewe umekulia kwenye ploti yenye kabro hadi mlangoni. Nyanya yuko ushago, na mkionana Desemba mnaongea kuhusu karo na kazi. Akiondoka kabla hujamuuliza, ataondoka na somo zima.

Si kwamba hakuna aliyeandika. Mwaka 1999, Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walitoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya kienyeji inayoliwa nchini. Mwaka 2021, UNESCO iliitambua Kenya kwa kazi yake ya kuhifadhi vyakula vya kiasili, ikaiweka kwenye orodha ya mifano mizuri ya kuigwa. Tunastahili kujipongeza. Lakini kitabu hakikushiki mkono kikakuonyesha jani, na hapa kosa la jani si mchezo.

Kwa nini? Kwa sababu si kila ua la manjano ni chakula. Katika ukoo huohuo kuna mimea ya jenasi ya Senecio, nayo pia ina maua ya manjano, na baadhi yake ina sumu inayoharibu ini la mtu na la mifugo. Usijidanganye kwamba utomvu mweupe unatosha kukuhakikishia, kwani kuna mimea mingine yenye utomvu kama huo na ni hatari kabisa. Picha ya mtandaoni pia haitoshi. Usipoonyeshwa na anayeujua na kuula, usiupike.

Pili, angalia umesimama wapi. Mchunga wa kando ya mtaro wa majitaka au barabara kuu unaweza kubeba uchafu wa pale ulipoota. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua udongo ukichafuliwa kunatokea nini: mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni kwa sababu ya sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mimea inaweza kufyonza risasi kutoka kwenye udongo, na sumu hiyo haitoki kwa kuosha mboga wala kuichemsha.

Na tatu, utasikia mchunga ukisifiwa kuwa dawa ya kila kitu. Kweli wazee wameutumia tangu zamani, hasa kwa maumivu ya tumbo. Lakini kama daktari amekuandikia vidonge, vimeze. Mchunga acha ubaki kwenye sahani.

Kwa hivyo anza hivi. Ukiwa Pwani, muulize mama mboga sokoni kama ana mchunga, ununue fungu moja, na umwombe akuonyeshe jani lenyewe lilivyo. Ukiwa Nairobi, wikendi hii mpigie nyanya. Kabla hajakuuliza utaoa au utaolewa lini, mwulize walichuma mboga gani mvua iliponyesha, na walizitofautishaje na zile zisizoliwa. Washa kinasa sauti cha simu. Na Desemba ukifika nyumbani, mwombe mtoke wote mkaitafute.